Badala ya Klorini: Maji ya Nyumbani katika Tambarare ya Bujonde

Wenye mabwawa ya kuogelea majumbani, huko Ulaya na Marekani, na siku hizi hata katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi, wamekuwa wakitafuta kwa miaka mingi kitu cha kushika nafasi ya klorini. Malalamiko yao ni yale yale: harufu kali, macho mekundu, ngozi inayowasha. Swali lao lina maana pia Bujonde, katika tambarare ya Kyela kaskazini ya Ziwa Nyasa, isipokuwa huko bwawa la nyumbani ni mtungi wa maji ya kunywa na ndoo ya kuogea, na anayekunja uso si mwogeleaji bali ni mtoto aliyepewa kikombe cha maji yenye ladha ya dawa. Mwogeleaji akiikataa klorini hupata usumbufu kidogo. Mtoto akiikataa, na asipewe kingine kilicho bora, huenda akapata kipindupindu.

Yafaa kuanza na mabwawa, kwa kuwa yamefundisha jambo ambalo si wengi wanaolifahamu. Ile harufu iitwayo ya klorini kwa hakika si ya klorini yenyewe. Ni harufu ya kloramini, yaani michanganyiko inayotokea klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Bwawa linalonuka sana aghalabu ni bwawa lenye uchafu ambao dawa imechoka kupambana nao, wala si bwawa lililotiwa dawa kupita kiasi.

Mbadala zinazouzwa kwa wenye mabwawa ni nyingi. Gesi ya ozoni, ambayo mji wa Nice nchini Ufaransa ulianza kuitumia katika maji ya bomba mwaka 1906, huua vijidudu upesi kuliko klorini. Taa za mionzi ya urujuanimno nazo hufanya kazi hiyo vizuri. Lakini vyote viwili huua pale tu maji yanapopita katika mtambo. Yakiisha kutoka, hayana mlinzi tena, na ndiyo maana mabwawa mengi yenye ozoni huongezwa klorini kidogo vile vile. Shaba na fedha zilizoyeyushwa hukaa majini, walakini huua polepole mno. Ama yale mabwawa yanayosifiwa kuwa ni ya chumvi, hayo yana kichekesho chake: umeme hupitishwa katika maji yenye chumvi, na chumvi hiyo ikatoa klorini. Mwenye bwawa amelikimbia duka la dawa, kisha akajenga kiwanda cha dawa ile ile uani kwake.

Kutokana na hayo, kazi mbili hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni kuua viini vya maradhi vilivyomo majini. Ya pili ni kuyalinda maji dhidi ya viini vitakavyoingia baadaye. Klorini hufanya zote mbili, kwa sababu sehemu yake hubaki majini kwa saa nyingi. Karibu kila mbadala hufanya ile ya kwanza tu. Kwa hiyo anayeleta dawa mpya asiulizwe tu kama inaua. Aulizwe pia maji yatakuwaje kesho asubuhi, baada ya kata na mikono ya watoto watano kuingia mtungini.

Hali ya Bujonde hulifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufukoni ardhi ya Kyela hupanda taratibu mno. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani, ikifika bondeni hupoteza nguvu na kuutua mzigo wake wa tope. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kilele chake huwa karibu na mwezi wa Aprili. Tope hilo hilo ndilo linaloukuza mpunga wa Kyela unaosifiwa nchi nzima, na hapana mkulima wa huko atakayelilaani. Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi, umewahi kuihama njia yake mara kadhaa, hata serikali hizo mbili zikaunda kamisheni ya pamoja ya kulishughulikia bonde lake.

Kwa mwenye kisima, maana yake ni moja. Maji ya ardhini yako karibu, hivyo kisima hakihitaji kuchimbwa kwa kina kirefu. Lakini choo cha shimo nacho huyafikia maji yale yale bila taabu. Masika, mafuriko yanapopita juu ya vyote viwili, tofauti ya kisima na choo hubaki kuwa ya jina tu.

Si kwamba nchi haikulitambua jambo hili. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa vijijini maji safi karibu na makazi yake, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili maradhi yanayozuilika. Mwaka 1991 ulifika, lengo la maji halijafikiwa. Kipindupindu kilikwisha kuingia nchini katika miaka hiyo hiyo ya sabini. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi na kuendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Ng'ambo ya Songwe, mlipuko ulioanza Machi 2022 ulizifikia wilaya zote za Malawi na kuua watu zaidi ya 1,700, na haujapata kutokea mkubwa kama huo katika historia ya nchi hiyo. Viini vya maradhi havina haja ya hati ya kuvukia mpaka.

Mlipuko unapotokea, jibu la kwanza la maofisa wa afya ni vidonge na maji ya klorini, na jibu hilo ni la haki. Kinachokosekana aghalabu ni maelezo ya namna klorini inavyofanya kazi, na kwa nini pengine haifanyi. Klorini haichagui adui. Ikitiwa majini hushambulia chochote kinachoweza kuungua kikemikali: bakteria, majani yaliyooza, na vitu vyote vya uhai vilivyomo katika tope. Maji ya mafuriko yenye rangi ya chai ya maziwa hula dawa yote kabla haijawafikia bakteria waliojificha ndani ya chembe za udongo. Ndiyo maana huagizwa kipimo kiongezwe maradufu kwa maji machafu. Na kipimo kikiongezwa, ladha na harufu huzidi, watoto hukataa, na mama huyamwaga. Mwogeleaji wa Ulaya na mama wa Bujonde wanalalamikia kitu kimoja bila kujuana: si klorini, ni klorini iliyokutana na uchafu. Kumkaripia mama huyo kwa ujinga ni kosa, kwa maana pua yake imemwambia kweli. Maji hayo hayakuwa tayari kutiwa dawa.

Mbadala wa kale ni kuchemsha, na hapana njia iliyo ya hakika kuipita. Maji yakitokota, virusi, bakteria na viini vya amiba hufa vyote, hata maji yawe na tope. Kwa hakika joto la nyuzi 65 au 70 za Sentigredi likidumu kwa dakika kadhaa latosha kuvimaliza viini vingi vya maradhi. Kutokota ni alama tu kwa nyumba isiyokuwa na kipimajoto. Tatizo ni kuni. Hukadiriwa kuwa moto wa mafiga matatu hula karibu kilo moja ya kuni kwa kila lita inayochemshwa. Familia ya watu sita, kila mmoja akinywa lita mbili, itahitaji kilo 12 kwa siku kwa ajili ya maji pekee, kabla wali haujaingia jikoni. Na masika, maji yanapokuwa mabaya kuliko wakati wowote, ndipo kuni nazo zinapolowa. Mshauri anayesema chemsheni, kisha akaondoka bila kuuliza kuni zitatoka wapi, ametoa nusu ya ushauri. Tena maji yaliyochemshwa hupoa bila mlinzi, sawasawa na yale ya ozoni.

Jua lastahili heshima zaidi kuliko inayopewa. Katika miaka ya sabini ya mwisho, Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut walionyesha kuwa maji yaliyowekwa juani katika vyombo vinavyopenya mwanga hupoteza bakteria wake kwa saa chache. Njia iliyotokana na kazi hiyo ni rahisi: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, ijazwe na kulazwa juu ya bati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Mionzi na joto hufanya kazi pamoja. Jambo hili lilijaribiwa katika Afrika Mashariki yenyewe. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa Kimaasai nchini Kenya walitangaza mwaka 1996 kwamba watoto waliokunywa maji yaliyowekwa juani waliugua kuhara kidogo kuliko wenzao, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba njia hiyo iliwakinga watoto wa chini ya miaka sita wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Upande wa pili usifichwe: jaribio kubwa la Bolivia, lililotangazwa mwaka 2009, halikuona faida iliyo wazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaya hazikuitumia njia hiyo kila siku. Jua halikushindwa kuua. Watu walichoka kupanga chupa.

Kwa Bujonde mabati yapo, na kuanzia Juni hadi Oktoba jua lipo la kutosha. Familia ile ile ya watu sita ingehitaji chupa nane za lita moja na nusu kwa siku, jambo lisiloshindikana. Tena chupa hiyo hiyo iliyolala juani, ikibaki imefungwa mpaka saa ya kunywa, huyalinda maji dhidi ya mikono, na hivyo hupata sehemu ya sifa ya klorini ambayo ozoni haina. Lakini Aprili ni habari nyingine. Mawingu hudai siku mbili na hivyo chupa kumi na sita, na tope huzuia mwanga usifike ndani. Kipimo cha wanakijiji ni chepesi: chupa ikisimamishwa juu ya karatasi yenye maandishi, na maandishi hayo yasisomeke kwa kutazama toka mdomoni, jua halitafaa kitu.

Hapo ndipo mlonge unapoingia, na ndipo pia panapotokea maneno mengi yasiyo na kipimo. Mti huu umesifiwa katika magazeti na masokoni hata umekuwa kana kwamba ni hospitali yenye majani. Kuhusu maji, ukweli wake ni mzuri bila kutiwa chumvi. Wanawake wa kando ya Mto Naili nchini Sudani walitumia mbegu zake kuyang'arisha maji ya mto, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn alizichunguza desturi hizo kwa miaka mingi kuanzia miaka ya sabini. Mbegu zilizomenywa na kusagwa hutoa protini yenye chaji chanya, nayo huzishika chembe za udongo, ambazo zina chaji hasi, zikaungana na kuzama. Mbegu moja au mbili kwa lita huweza kuyang'arisha maji machafu kwa muda wa saa moja au mbili. Katika miaka ya tisini ya mwanzo, njia hiyo ilijaribiwa kwa kiwango cha mtambo mzima wa maji huko Thyolo, kusini ya Malawi, na matokeo yakaikaribia kazi ya shabu ya viwandani.

Bakteria wengi huzama pamoja na tope, na hapo ndipo muuza mlonge hukomea katika kuhadithia. Hasemi kwamba mbegu huacha majini chakula kilichoyeyuka, na kwamba bakteria waliosalia hukila na kuongezeka tena, hata baada ya siku moja maji yakaweza kuwa mabaya kuliko yalivyokuwa yalipong'aa. Mlonge si dawa ya kuua. Ni fagio. Na shabu, ambayo huuzwa kwa vipande madukani na ambayo mama wengi nchini wameijua tangu zamani, ni fagio pia, tena lisiloacha chakula nyuma. Kati ya hivi viwili, kwa maji ya kunywa, shabu kwa kipimo kidogo ni bora. Mlonge ufae pale shabu isipopatikana, na maji yake yatiwe dawa au yawekwe juani siku ile ile.

Chungu cha kuchujia maji ndicho kinachoelekea kuifaa Kyela kuliko vyote, na ndicho kisichozungumzwa sana. Mwaka 1981 Fernando Mazariegos wa Guatemala alibuni chungu cha udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Kinapochomwa tanuruni, unga huungua na kuacha vitundu vyembamba mno. Kisha chungu hupakwa fedha iliyoyeyushwa. Maji hupita lita moja hadi tatu kwa saa, tope na karibu bakteria wote wakabaki nyuma, na yaliyochujwa hudondokea katika ndoo yenye kifuniko na bomba dogo, ambamo mkono hauingii. Mahali pengine pumba za mpunga hutumika badala ya unga wa mbao. Na pumba, yaani yale maganda yanayorundikana nje ya mashine za kukoboa, Kyela haikuzikosa hata siku moja. Wala haikuwakosa wafinyanzi: vyungu vya Wakisi wa Ikombe, karibu na Matema, vimevushwa kwa mitumbwi na kuuzwa katika masoko ya ziwa hili tangu enzi za mababu.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba chungu cha Ikombe chaweza kugeuzwa kuwa chujio kwa kutiwa pumba tu. Chujio hutaka udongo na pumba vipimwe kwa uzani usiobadilika, umbo moja, na tanuru lenye joto linalotawalika, ambapo vyungu vya kienyeji huchomwa kwa moto wa wazi. Kila kimoja lazima kipimwe mwendo wake wa maji kabla hakijauzwa. Kinachopitisha upesi mno kina ufa. Kadhalika virusi huweza kupenya. Huko Kambodia, ambako vyungu hivi vilisambazwa kwa wingi, watafiti waliona kuhara kukipungua sana katika nyumba zilizovitumia, lakini pia waliona matumizi yakishuka kwa kiasi cha asilimia mbili kila mwezi, hasa kwa kuvunjika. Chungu kisicho na duka la kununulia kingine hakidumu kijijini.

Kwa maji ya kuogea lipo jambo dogo lisilogharimu senti. Ziwa Nyasa lina kichocho katika baadhi ya fukwe zake, na lava wa kichocho watokao kwa konokono hawaishi zaidi ya siku mbili wasipompata binadamu wa kumwingia. Maji yaliyochotwa bila konokono na kutulizwa siku mbili katika pipa lililofunikwa hayaambukizi tena kichocho, hata pasipo tone la klorini. Kinyume chake, yale mabwawa ya asili ya Ulaya yanayosafishwa na matete na kokoto badala ya dawa, ambayo huanza kupendwa na wenye hoteli, hayafai kuigwa katika tambarare hii. Matete na maji ya vuguvugu yaliyotulia ndiyo makazi ya konokono na mbu.

Yupo atakayesema kwamba klorini yenyewe ni sumu. Mwaka 1974 Johannes Rook, huko Rotterdam, aligundua kwamba klorini ikikutana na vitu vya uhai vilivyomo majini huzaa kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani zikinywewa kwa miaka mingi. Ugunduzi huo ni wa kweli, na ni sababu nyingine ya kuondoa tope kabla ya kutia dawa. Lakini Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema wazi kwamba hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari ya maji yasiyouliwa vijidudu. Saratani hiyo huhesabiwa kwa miongo. Kipindupindu huhesabiwa kwa saa.

Hivyo, kutafuta kitu kimoja cha kuiondoa klorini Bujonde ni kutafuta kisichokuwapo. Kiangazi, chupa juu ya bati zaweza kushika nafasi yake kabisa, na yeyote anayezitumia vizuri aachwe na vidonge vyake apewe mwingine. Masika, klorini haina mrithi, inao wasaidizi. Maji yatulizwe usiku kucha, yang'arishwe kwa shabu, yamiminwe taratibu kupitia kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa kwa kipimo cha kawaida na kungojwa nusu saa. Yakifanyiwa hivyo, dawa itakayotumika ni kidogo, na harufu nayo itakuwa ndogo. Afisa anayegawa vidonge bila shabu na bila ndoo yenye kifuniko anawagawia watu ile harufu wanayoikimbia.

Na chungu cha kuchujia kijaribiwe. Mbeya ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia; wafinyanzi wako Ikombe, na pumba ziko Kyela mjini. Sharti moja lisisahauliwe: majaribio yasifanywe Agosti, barabara zinapopitika na maji ya kisima yanapong'aa, kwa maana Agosti kila njia hufaulu. Yafanywe Aprili, ndani ya nyumba za watu, na sampuli isichukuliwe chini ya chujio maji yanapodondoka, bali katika kikombe anachonywea mtoto, jioni ya siku ya pili.